Mtihani wa Kukubali Yaishe

Jumamosi, 2 Juni 1979

Darasa la Kijapani leo, ukumbi wa kanisa. Baridi ya Juni imeshaingia. Tulianza wanafunzi kumi na wanane, tumebaki wanne, na wawili kati yao huja kwa ajili ya chai. Kwa hiyo ni mimi na Hezekiah Mutahi. Fundi wa magari. Jirani yangu kule Ruring'u. Mwizi wa ardhi.

Nafasi ni moja tu: miezi kumi huko Japani kusomea injini, na Mwalimu Nakagawa ndiye atakayeteua. Nimekaa miaka kumi na miwili nyuma ya kaunta ya Bwana Laxmidas, nikiuza vipuri ambavyo sijawahi kuvifunga kwa mkono wangu mwenyewe. Inaniuma sana. Sanduku la safari nimeshanunua. Kanisani nimeshaombewa safari njema.

Leo Mwalimu ametufundisha usemi mpya: shikata ga nai. Hakuna njia, kubali yaishe. Alituonya kwamba hausemwi ovyo. Mtu hujaribu kwanza, akishindwa anautua mzigo, anasema hivyo, kisha anarudi kazini kwake. Mtihani ni Jumamosi ijayo. Kila mtu asimame, aeleze kwa Kiswahili (Kijapani chetu bado hakijafika huko) jambo moja la maisha yake ambalo ameliachilia, amalizie na usemi huo. Akarudia mara mbili: liwe la kweli.

Jambo moja! Japani iko mfukoni.

Jumapili, 3 Juni

Nimetafuta jambo tangu asubuhi. Sina.

Upara? Hapana. Bado napaka ile dawa ya soko la Karatina, na juzi niliona unywele. Mbuzi wangu aliyekufa 1971? Bado namwandikia daktari wa mifugo. Mama mkwe? Nina mpango.

Mhubiri alisema maji yakimwagika hayazoleki. Baada ya ibada nilimngoja mlangoni nikamweleza kwamba inategemea yamemwagikia wapi. Akasema ana wageni.

Nyumbani nikamuuliza mke wangu, Watiri, ni kitu gani nimewahi kukiachilia tangu tuoane. Alikuwa akichambua maharagwe. Alifikiri hadi maharagwe yakaisha. Kisha akasema, Baba Wachuka, si uachilie ule ua.

Ua! Ua wa miiba wa Hezekiah, ulioingia shambani mwangu hatua moja na nusu tangu mwaka wa 1968. Nimekwenda kwa chifu mara kumi na moja kwa ajili yake. Mwanamke mwerevu huyu, ingawa sikumwambia. Basi, nauachilia. Hadi Jumamosi saa sita. Nikirudi kutoka Japani tutaendelea.

Jumanne, 5 Juni

Nimeona heri niwe na jambo la akiba. Nikamwomba Bwana Laxmidas aniazime moja aliloliachilia yeye. Hakufikiri hata kidogo. Alisema ana mfanyakazi ambaye kwa miaka kumi na miwili huwaketisha wateja na kuwasimulia kesi zake, hadi wanaondoka bila kununua. Zamani alikuwa akikasirika. Siku hizi anakunywa chai tu.

Jambo zuri, lakini si langu. Halafu nimeshindwa kujua anamsema nani. Tuko wafanyakazi wawili tu dukani, na Ngatia haongei kabisa.

Alhamisi, 7 Juni

Mazoezi. Asubuhi, kabla ya kazi, nilisimama mbele ya ua nikavuta pumzi. Nikasema shikata ga nai. Vizuri. Nikasema mara ya pili. Moyo ulitulia, nikasikia hata ndege. Mara ya tatu nikaona futi ya kupimia mkononi mwangu. Sijui ilifikaje.

Nikapima. Ua umesogea tena inchi nne!

Nikaenda kwa chifu, mara ya kumi na mbili. Karani alisema chifu yuko Kangari kikazi. Kofia yake ilikuwa mezani, na mlango wa nyuma ulikuwa bado unacheza. Nimeandika saa na dakika.

Jumamosi, 9 Juni

Siku mbaya kuliko zote.

Hezekiah alitangulia. Akasimama na ovaroli yake ya grisi, akatazama chini. Nayaandika maneno yake kama alivyosema, yatafaa kortini: "Mwalimu, mimi niko na jirani. Tumegombana juu ya ua miaka kumi na moja. Nimemweleza, nimeleta wazee, hasikii. Sasa mimi nimechoka. Jumatatu nitang'oa hiyo ua, nirudishe nyuma, apate shamba yake. Shikata ga nai."

Mwalimu akainamisha kichwa.

Hapo nikaelewa. Aliuachilia ua wangu! Ua niliokuwa nimekuja kuuachilia mimi! Sasa ningesimama niachilie nini?

Nikaruka. Nikamwambia Hezekiah siutaki. Akasema ni wangu. Nikasema miaka yote hii alikuwa akisema ni wake, iweje leo? Akasema nimeshinda, nichukue. Nikamsihi aushikilie walau hadi saa sita. Wale wawili wa chai walicheka hadi wakamwaga chai.

Mwalimu akaniuliza kwa upole kama nina jambo lingine. Nikasema ninalo hilohilo, na nikatoa ramani kwenye koti kuonyesha kwamba lilikuwa langu kwanza. Nikamwomba, yeye kama mgeni asiye na upande, aje Ruring'u apime. Nikataja zile inchi nne. Nilizungumza dakika arobaini. Usemi wenyewe nilisahau kuusema.

Hezekiah anakwenda Japani.

Nimefika nyumbani nikakaa juu ya sanduku. Nilitaka kulia, na nililia kidogo. Watiri alileta uji, akakaa kando yangu.

Jumatatu, 11 Juni

Nimepata njia! Mwalimu bado hajatuma jina Nairobi. Hezekiah akikosa kuuhamisha ua, atakuwa hajaachilia chochote, na jambo litarudi kwangu.

Asubuhi nikamkuta anang'oa. Aling'oa mche, nami nikaurudisha kwenye shimo lake. Akang'oa wa pili, nikaupanda. Nilimsihi abaki na hatua moja na nusu, na nikamwongezea nyingine mbili bure. Akasema hataki mali ya mtu. Mnafiki! Kufikia saa mbili mtaa mzima ulikuwa umesimama barabarani. Watiri alipita na mtungi wa maziwa kana kwamba hanijui.

Saa tatu ua ulikuwa umehama. Mikono yangu imejaa miiba. Nimepata ardhi yangu yote, na sijawahi kupata hasara kubwa hivi.

Jumatano, 13 Juni

Nimekwenda kwa Mwalimu Nakagawa kukata rufaa. Mara ya nne tangu Jumamosi. Leo nilimpelekea barua ya kurasa tisa, ramani, na Ngatia kama shahidi. Ngatia hakusema neno, lakini alisimama vizuri.

Mwalimu alitukaribisha ndani, akatupa chai isiyo na sukari. Akasoma kurasa zote tisa. Akaniambia jina la Hezekiah limeshakwenda Nairobi na halirudi. Nikamuuliza limekwenda kwa basi gani. Akaniambia mimi ni mtu mwema, ila labda Japani si yangu mwaka huu. Nikamuuliza mwaka ujao unaanza lini kwa hesabu ya Kijapani. Nikafungua ramani tena.

Akavua miwani. Akaifuta polepole. Akatazama mlima dirishani, kwa muda mrefu, na mlima wenyewe ulikuwa umefunikwa na mawingu. Kisha akanitazama mimi, akashusha pumzi hadi mabega yakashuka nayo, akasema polepole kabisa: shikata ga nai.

Tulipokuwa tukitoka Ngatia alifungua kinywa, kwa mara ya kwanza tangu Pasaka, akaniambia nirudi nyumbani. Huyu hajui watu. Mimi nimeuza vipuri miaka kumi na miwili, namjua mteja anapolegea. Mtu akikwambia hana njia tena, amebakisha kusukumwa kidogo tu.

Kesho alfajiri niko mlangoni kwake na jogoo.