Uyoga Wangu Ulivyotangazwa Barazani

Minjila,
14 Agosti 1998

Kwa Bwana Changawa,
Mtaalamu, Mradi wa Uyoga wa Mtoni,
Garsen.

Mheshimiwa,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii inakukuta na afya njema, kwa kuwa mimi na uyoga wangu tumeshatangazwa hatuna.

Mimi ni Gumato, yule mjane wa Adan uliyemfundisha kuotesha uyoga kwenye mabua ya mpunga, mafuriko yalipomaliza ng'ombe wake. Kwa hilo nashukuru. Malalamiko yangu ni haya:

1. Siku ya baraza uling'oa uyoga wangu mmoja, shingo ndefu, kofia ndogo kama kifungo, umelala upande. Ukauinua juu ukasema, "Uyoga wa Gumato una virusi!" Bwana, siku hizi neno hilo lina maana moja tu. Waliokaa mbele walisikia uyoga. Waliokaa nyuma walisikia Gumato.

2. Abdia, rafiki yangu tangu utotoni, sasa anakuja kwangu na kikombe chake. Nilipomuuliza alisema, "Nimekizoea tu." Kikombe chenyewe ni kopo la maziwa ya unga, lina kutu. Nilimmiminia chai nikaangalia pembeni.

3. Tahir mwenye hoteli pale Garsen amekataa uyoga wangu, hata ule ulionyooka. Anasema wateja wake ni watu wa heshima. Wateja wake nawajua.

4. Ulieleza kwamba virusi hivi hupita kwenye nyuzi za mbegu, na kwenye vumbi linaloruka kofia ikiachwa ifunguke sana. Uyoga wangu unakaa ndani, gizani, mlango umefungwa. Haujawahi kwenda Tarasaa siku ya soko. Mbegu ililetwa na gari lako, ambalo hulala popote. Nani aulizwe habari za mwenendo?

5. Ulisema dawa hakuna, ila nichome mabua yote, nisafishe chumba kwa mvuke, nianze na mbegu mpya. Nilipowasha moto, majirani walisema nachoma godoro langu. Nikauzima.

6. Kwamba virusi vya uyoga havimpati binadamu, hilo pia ulilisema. Lakini baraza lilikuwa limekwisha, nimebaki mimi na mbuzi. Mbuzi hajamwambia mtu.

Kwa hiyo naomba urudi, usimame palepale, useme kwa sauti ileile, kisha ule sahani nzima ya uyoga huo mbele ya Abdia na Tahir. Usipoweza, uyoga upelekwe hospitali, upimwe, upewe cheti chenye muhuri nikibandike mlangoni. Na siku nyingine ukitaka kuupa uyoga majibu yake, uuite faraghani, uukalishe, uupe kwanza maji ya kunywa.

Nisalimie mama watoto, dereva na wote wa ofisini.

Ni mimi, ambaye shingo yangu bado ni ya kawaida,
Gumato Guyo

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, imenibidi niseme hili. Halake, ndugu wa marehemu mume wangu, tangu eda yangu iishe amekuwa akija kunikumbusha kwamba desturi inamtaka anirithi. Jana alinisalimia kutoka ng'ambo ya barabara. "Shemeji," akasema, "mambo ya kurithiana tumwachie Mungu." Tafadhali usirudi haraka. Na ukilazimika kupita Minjila, lile neno lako liseme tena karibu na nyumba yake, kwa sauti. Sikio lake moja ni zito.