Mfano wa Wenye Shamba

Jumatatu, 3 Julai 1995

Bwana Shamba Mshamu, mtu wa Kilwa, kaja kukagua mibuni yangu. Nikampa togwa. Akasema Mungu katika Kurani hufundisha kwa mifano: mbegu moja inayotoa mashuke saba, nyumba ya buibui isiyohimili kitu. Mfano hautaji jina la mtu, akasema, ili kila anayeusikia ajitazame. Nikamtazama jirani yangu Kilian, ng'ambo ya mpaka. Buibui mtupu!

Kisha akaanza mfano wa wenye shamba. Waliapa kuvuna alfajiri ili maskini wasipate kitu. Wakaenda wakinong'onezana. Hapo nikaruka! Sikungoja mwisho. Ushauri wa bure kutoka mbinguni!

Jumanne, 4 Julai

Desturi yetu ukivuna unaita ngokela. Majirani wanakuja kusaidia, wanakula, wanakunywa, na mjane Emerensiana anaondoka na kikapu cha kahawa. Mwaka huu hapana. Wanunuzi binafsi wamefungua kituo Mbinga mjini, na nimemwapia mke wangu Walburga kwamba mvua zikianza tutakuwa chini ya bati. Anasema bila watu kahawa itatushinda. Huyu hajui mifano.

Alhamisi, 6 Julai

Alfajiri, mimi na shemeji zangu wawili. Njia ya kawaida inapita mlangoni kwa Emerensiana, kwa hiyo tukazunguka juu mlimani na kushukia kwenye ukungu. Baridi! Tukavuna tukinong'onezana. Magunia manne! Nikashangaa mibuni yangu ilivyozaa.

Jua likatoka, ukungu ukainuka. Kilian huyo mbele yangu, anapiga mswaki. Akanishukuru sana. Akasema tangu azaliwe hajaona jirani wa kumvunia mtu bila hata kuombwa. Tulikuwa shambani kwake! Akamwita Emerensiana, akampa kikapu kimejaa pomoni. Kahawa niliyochuma kwa vidole vyangu!

Jumapili, 9 Julai

Shemeji hawana siri. Baada ya misa kila mtu alijua kwa nini nilizunguka juu. Nimetangaza ngokela ya Jumatano. Wamenipongeza kwa kucheka.

Jumatano, 12 Julai

Walburga kapika vyungu vitatu. Hakuja mtu. Baadaye akaja Emerensiana, peke yake, akachuma mpaka jioni. Nikamsukumia kikapu chake. Akakirudisha, akasema amekuja kwa ajili ya Walburga, na sisi tunahitaji bati kuliko yeye anavyohitaji kahawa. Nimeona aibu. Aibu kweli.

Jumamosi, 29 Julai

Kahawa nyingine imekauka mtini, nyingine imeanguka. Bati hakuna. Walburga ananiongelesha kupitia kuku.

Nikamfuata Bwana Mshamu nimlaumu. Akanimalizia mfano: wale walikuta shamba limeteketea, wakadhani wamepotea njia, kumbe wamenyimwa. Akaniuliza kama sasa nimeelewa. Nikamwambia sana.

Nimetafakari njia nzima. Kosa lao liko wazi kabisa: walinong'ona. Mwakani tutatumia ishara za mikono.