Betri ya Karavani ya Mama Evelyn

Jumatatu, 12 Januari

Ujumbe umeingia kutoka Dar. Mama Evelyn anakuja Jumamosi! Anakuja na mjukuu wake kulala kwenye karavani yake, ile nyumba ya magurudumu aliyoiegesha kiwanjani kwake hapa Kaole, ambako nguzo za umeme bado hazijafika. Mimi ndiye naifagia. Anataka taa na feni mpaka asubuhi, maana mtoto hawezi joto. Pesa ya betri ya sola keshatuma. Akiridhika, mimi na mume wangu Shuaibu tutapewa kazi ya kuilinda karavani, na tukae kwenye vyumba viwili vya uani kwake. Shuaibu ataacha kubeba magunia huko Vigwaza. Atalala nyumbani! Mara ya mwisho alipokuja, mwanetu Adila alimlilia kama kaona mgambo. Baba yake mzazi.

Nimekwenda Dunda kwa fundi Maulidi, anayeuza betri. Kaniambia betri ya gari na betri ya sola zisinichanganye. Ya gari hutoa nguvu zote kwa mkupuo, gari likishawaka kazi imekwisha. Ya sola hutoa kidogo kidogo usiku kucha, ila usiinyonye ikapita nusu, utaiua. Nikamjibu nimeelewa. Nikatoka bila kununua.

Nina mawazo yangu.

Jumanne, 13 Januari

Mawazo yenyewe haya. Betri ya lori inaamsha lori zima lililojaa mananasi. Itashindwa feni? Shuaibu amemwomba dereva mmoja betri kuukuu, kapewa bure, imefika kwa bodaboda. Nzito! Nimefurahi nilivyoshindwa kuinyanyua. Pesa ya Mama Evelyn itabaki, nitanunua godoro la sita kwa sita, Shuaibu akirudi asilale na miguu sakafuni. Mama Evelyn nitamweleza baadaye, akishafurahi.

Kapita wifi yangu Hija, dada yake Shuaibu. Kazi ya karavani naye anaitaka. Ana jenereta, na hawezi kukusalimia bila kulitaja. Akaizunguka betri yangu kama anakagua mbuzi wa kununua. Kisha akauliza, "Wifi, hiyo karavani unataka iwake taa au unataka iondoke?" Akacheka mpaka njiani. Adila naye akacheka! Mtoto niliyemzaa kwa uchungu.

Jumatano, 14 Januari

Nimeijaribu. Taa zikawaka kama mchana, feni ikavuma. Nikasema alhamdulillahi. Sijamaliza hata kumnyonyesha Adila, feni ikaanza kuhema kama bibi aliyepanda kilima na ndoo. Taa zikafifia. Kimya.

Nikambeba Adila mgongoni, mbio Dunda. Maulidi hakunicheka, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Aliuliza tu juzi nilielewa nini.

Nimenunua ya sola. Godoro basi.

Alhamisi, 15 Januari

Leo ni kuchaji. Sola iko juu ya karavani tangu zamani, na kiboksi chake chenye taa: nyekundu haina kitu, njano iko nusu, kijani imejaa. Maulidi kaja kafunga waya, kaondoka.

Jua kali mno! Nikaingiwa na hofu. Huku beseni likisahaulika nje mwezi mmoja linapasuka lenyewe, sembuse kioo cha watu. Nikapanda na kigoda, nikaifunika sola kwa kanga yangu. Ile nyepesi, jua lipite kwa adabu.

Adhuhuri, nyekundu. Alasiri, nyekundu. Kila nikikaa nainuka kwenda kuangalia, ugali umeungua. Nikampigia Maulidi. Akauliza kama sola imepata kivuli. Nikamwapia kiwanja hiki hakina mti hata mmoja. Na ni kweli.

Hija kapita. Lazima apite! Kasimama anatazama juu, kiganja kwenye paji la uso. Kauliza hiyo sola kaificha nani, ni mwali? Au inaona haya? Nikaivuta kanga nikasema nilikuwa naianika tu. Mara ikaja njano. Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 16 Januari

KIJANI! Nimeibusu ile taa, Mungu anisamehe.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye akili. Lakini jioni ilikuwa shughuli kwa jirani yetu Mwanvita, anamwoza binti yake. Wanawake tumekaa, tumependeza, spika zinatumia jenereta la Hija, na Hija kaketi mbele kama yeye ndiye mama wa bibi arusi. Jenereta likakohoa. Likazima. Hija akavuta kamba, akavuta tena, kilemba kikamwangukia puani. Mwanvita akaanza kulia machozi.

Nikasikia mdomo wangu unasema mimi nina betri.

Nilitaka kuurudisha ulimi, ukawa umeshatoka. Vijana wakaibeba. Spika zikarudi, na mwimbaji akanitaja: "Mama Adila, mwenye umeme wake!" Mara mbili! Vigelegele! Hija akawa anahesabu vidole vya miguu yake. Nilisema nyimbo mbili tu halafu naichukua. Lakini nani anaweza kuchomoa betri na bibi arusi bado hajatoka nje? Nimerudi kumlaza Adila, nina furaha na hofu kwa pamoja.

Jumamosi, 17 Januari

Vijana wameirudisha betri alfajiri. Nyekundu. Na mawingu! Toka lini Januari ikawa na mawingu? Nimeipangusa sola mpaka nimejiona uso. Uso mbaya, wa mtu asiyelala.

Mama Evelyn kafika na mjukuu, Emmanueli, wa miaka minne. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani. Akabonyeza feni. Ikazunguka kidogo, ikakata tamaa. Nikamwambia ukweli, betri ilikwenda arusini. Akauliza, "Ilialikwa?" Sikujua nicheke au nilie.

Hapo hapo akatokea Hija na jenereta lake, limeshatengenezwa. Nani kamwita? Akaliwasha. Karavani nzima ikatetemeka, vikombe vikacheza, moshi wote dirishani. Emmanueli akapiga kelele, akanikimbilia mimi, jenereta likazimwa. Nikampakata, Adila mgongoni, nikachukua kipepeo cha ukili nikampepea mpaka akasinzia. Niliendelea kumpepea. Niliogopa nikiacha ataamka, akiamka Mama Evelyn atafungua mdomo, akifungua mdomo tumekwisha, Shuaibu atazeekea Vigwaza. Mkono siusikii tena.

Jumapili, 18 Januari

Kazi kapewa nani? Mimi! Mama Evelyn amesema betri inanunuliwa dukani, lakini mtu wa kumtuliza mjukuu wake hajamwona dukani. Sharti moja tu. Betri isitoke ndani ya karavani, uwe msiba, iwe arusi. Jumamosi ijayo anarudi na mtoto. Akikuta feni imelala tena, funguo atapewa Hija. Kaniangalia machoni aliposema hivyo. Nimeapa huku nimemshika Adila kichwani.

Nimempigia Shuaibu. Kauliza kama na begi alete. Alete! Nimelia mpaka Adila akanishangaa.

Alhamisi, 22 Januari

Kijani tangu juzi. Roho inaniuma kuitazama. Umeme wote ule umekaa bure, haumsaidii mtu, na jua linaongeza mwingine! Watoto wa shule wanapita ndimi nje kwa kiu. Mwanvita, kwa kunishukuru, kaniazima friji dogo. Limeenea vizuri kabisa pembeni ya kitanda cha Mama Evelyn. Nimetengeneza barafu za ubuyu. Shuaibu akija Jumamosi akute mke mfanyabiashara.

Hija kapita, kauliza ni nini kinachovuma humo ndani. Nimemwambia ni masikio yake.

Mchana imekuja njano. Ni mawingu tu. Sasa imekuja nyekundu, lakini nyekundu isiyokolea, ukiitazama kwa upande inafanana na njano. Barafu bado ni maji, kwa hiyo friji siwezi kulizima. Itabidi likeshe.

Mama Evelyn kapiga simu, kauliza betri imetoka? Nimemjibu kwa moyo mweupe kabisa kwamba haijatoka hata hatua moja. Amefurahi sana.

Hakuuliza kilichoingia.