Grafu ya Samaki wa Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Baba mkwe kalazwa, anapasuliwa macho. Samaki wake kaniachia mimi! Si shemeji, kaka wa mke wangu, anayefuga samaki tangu utotoni. Mimi! Ni mmoja tu, mzee, mwenye mapezi marefu. Marehemu mama mkwe ndiye aliyemleta nyumbani. Akifa mikononi mwangu, bora nihame mji. Shemeji kauliza kama najua hata kumlisha. Nimemjibu kwamba zama za kukisia zimepita.

Jumanne, 4 Machi
Kihisi cha joto kimo majini. Kompyuta ndogo, saizi ya kiberiti, inakisoma kila dakika. Programu zote huria: moja inatunza takwimu, nyingine inachora grafu. Watu nisiowajua wameziandika wakazigawa bure. Nimeguswa, sisemi uongo. Soketi zilijaa, nikachomoa waya mmoja mweusi nyuma ya tangi. Hakuna kilicholia. Nimepanga kiwango cha joto kiende kwenye simu ya baba mkwe kila saa. Ajue kapata mkwe wa namna gani!

Jumatano, 5 Machi
Mstari unashuka! Laini, hauna hata kona moja. Nimeutia zambarau. Shemeji kapita, katazama tangi badala ya grafu (wivu huo), kasema samaki kalala chini. Nimemwambia kila kiumbe hupumzika. Mke wangu kauliza grafu inasemaje. Nikamwambia, inapendeza.

Alhamisi, 6 Machi
Baba mkwe kapiga simu kutoka wodini. Macho yamefungwa bendeji, hivyo muuguzi ndiye anayemsomea ujumbe wangu. Ishirini na sita. Ishirini na tatu. Ishirini. Kaniuliza polepole, mwanangu, hita ya kupasha maji ya tangi inawaka?
Mungu wangu! Ule waya mweusi!
Mtu asiyeona kaielewa grafu kuliko mimi niliyeichora. Nimekimbia kuuchomeka. Kisha nikakaa sakafuni, uso kwenye kioo, nikimwomba samaki asife. Ana kovu kwenye pezi la kushoto. Siku nne niko naye, nilikuwa sijaliona. Nimeona haya, haya za kweli.

Ijumaa, 7 Machi
Anaogelea! Shemeji kapita, kamwona. Kaniletea soketi ya kuongezea, kaiweka mezani, kaondoka. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 9 Machi
Baba mkwe karudi, jicho moja wazi. Hakunigombeza. Kavuta kiti mbele ya tangi, kasema marehemu alikuwa akiketi hapo kila asubuhi. Kaniomba niketi naye tu, nisifanye kitu. Nikaketi. Sikugusa simu. Nimeelewa leo kwamba kuna mambo ya kutazama tu, hayataki kupimwa.
Alipokwenda kula, nikabandika kihisi cha uzito chini ya kiti chake. Alasiri kaketi tena. Dakika arobaini na moja bila kutikisika! Grafu nimemtumia daktari wake wa macho. Bado hajajibu.