Ukoo Wangu Wafa kwa Kihispania

Jumatatu, tarehe 3
Mkurugenzi katangaza: wanunuzi wapya wa vigae vyetu wanasema Kihispania. Atakayefaulu darasa la mchana atatoka ghalani akakae mapokezi, penye kiti cha kuzunguka. Kiti hicho ni changu. Mshindani ni mmoja tu, karani wa ghala, bingwa wa kujipendekeza. Leo tumefunzwa jamaa: mama, bibi, mjomba. Na "amefariki", eti waliotangulia nao ni familia.

Jumatano, tarehe 5
Darasa limegongana na mpira. Mwalimu hupokea udhuru kwa Kihispania tu, nami nina maneno ya ukoo tu. Nikaandika: Mi abuela ha muerto, bibi yangu amefariki. Bibi alikuwa sebuleni anatafuna karanga, akauliza nani anaongoza.

Ijumaa, tarehe 7
Mwalimu kanipa pole, kisha kanisifu: sentensi haina kosa. Karani kaambulia "inaridhisha". Basi hapa pana njia. Zoezi la leo sikufanya. Mjomba naye kaenda.

Jumatatu, tarehe 10
Nimemuua mama. Roho imeniuma kidogo, maana ndiye anayenishikia kitabu jikoni nikikariri. Darasa zima limesimama kimya. Karani kalia kwelikweli, mjinga yule.

Ijumaa, tarehe 14
Mtihani: kumleta jamaa mmoja na kumtambulisha mbele ya mkurugenzi. Mimi yatima niliruhusiwa kusimama peke yangu. Nikamsifu marehemu mama mpaka watu wakatoa leso. Nageuka, mama yuko mlangoni na pochi yake. Kumbe karani alikwenda nyumbani kutoa rambirambi, akamkuta anaanika nguo.

Mama aliniacha nimalize. Kisha akasema: Soy la madre. Estoy viva. Yaani mama ndiye yeye, na yu hai. Akaongeza kwamba bibi mzima, mjomba mzima, mtoto mvivu. Neno la mvivu limo sura ya tano, ambayo mimi sijaifikia. Mkurugenzi alicheka hadi akavua miwani, akamuuliza mama kama anatafuta kazi.

Jumatatu, tarehe 17
Mama yuko kwenye kiti changu. Anazunguka. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, ila walimu wangu hao wawili wamekutana ofisini.

Kesho kuna mpira. Udhuru sasa unapokelewa mapokezi, na jamaa wa kufa wameniishia. Nimeandika kwamba nimefariki mimi. Sahihi nimeweka ya mjomba, mama asijue ni mimi.