Gari Moja, Matairi Manane

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeharibu gari la marehemu baba mkwe. Naanza na hilo ili liishe.

Gari lenyewe lina urefu wa kiganja. Ni la plastiki, la kuunganisha, toleo la zamani, na halijawahi kutiwa gundi. Mzee alilinunua mke wangu akiwa bado na meno ya utoto. Akasema wataliunganisha pamoja, yeye na binti yake na kijana wake. Kazi ikambana, halafu macho yakamsumbua, halafu akatutoka. Boksi likaja kwetu, likakaa juu ya kabati. Mke wangu hulipangusa vumbi mwenyewe. Mimi nimekatazwa.

Sasa kiwanda kimetoa stoo kalibu zake za zamani, zile za kumiminia plastiki, na kulichapa upya gari lilelile. Shemeji, kaka wa mke wangu, daktari wa meno, amelinunua hilo jipya. Kila tukionana ananiambia la zamani lilikuwa takataka, la sasa ndilo gari. Jumamosi kikundi chetu cha magari madogo kinakutana sebuleni kwangu kuyalinganisha, kipande kwa kipande. Mimi natetea la zamani. Atakayeshinda hoja atakuwa Makamu Mwenyekiti, cheo ambacho nimekingoja kwa adabu miaka mingi. Baada ya hapo mke wangu na kaka yake watakaa mezani na kuliunganisha gari la baba yao, hatimaye.

Nilitaka kuchungulia tu. Mke wangu alikuwa kazini. Nikashusha boksi. Fremu zote zinazoshika vipande zipo. Kioo cha mbele kisafi kama maji. Matairi hayamo, mzee atakuwa aliyapoteza. Lakini paa! Limebonyea kidogo kwa kukaa miaka yote hiyo. Shemeji angelishikia bango. Dawa ya plastiki iliyopinda kila mtu kikundini anaijua: maji ya uvuguvugu, vidole, na subira. Subira sikuwa nayo. Nikatumia maji ya birika yanayochemka.

Bodi nzima, pamoja na paa lake, imejikunja kama soli ya kiatu kilichoachwa juani.

Nimeificha ndani ya kopo tupu la rangi, chini ya ngazi. Boksi nimelirudisha juu ya kabati. Mke wangu aliporudi aliuliza kwa nini jikoni kunanuka plastiki. Nikamwambia ni birika. Si uongo sana.

Jumanne, 4 Machi

Sikulala vizuri, lakini nimeamka na mpango. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Kalibu ni zilezile. Kwa hiyo bodi ya gari jipya ni ndugu wa damu wa bodi ya zamani. Ninunue jipya, nichukue bodi yake tu, niitie ndani ya boksi la mzee pamoja na vipande vyake halisi. Nani atajua?

Duka la vifaa vya kuchezea lilikuwa limebakiwa na moja, dirishani. Muuzaji akauliza ni la mtoto wa umri gani. Nikasema ni mtoto mwenye akili kuliko umri wake. Akanishauri nisimwachie gundi peke yake.

Mchana nimejifungia stoo ya kazini na bodi iliyojikunja na fremu za mzee, nilizotoka nazo nyumbani kwa siri, nikayalinganisha. Nimefanya kazi ya haki kabisa, kama hakimu. Hata ule mkwaruzo mdogo karibu na buti upo kwenye zote mbili. Tofauti ni tatu tu. Kwanza, plastiki ya mzee imegeuka rangi ya krimu, mpya ni nyeupe kama koti la Shemeji. Pili, kalibu zimechakaa, kwa hiyo bodi mpya ina vile vipande vya plastiki vinavyochomoza pembeni, sisi huviita ndevu. Tatu, ndani ya paa wamechapa maneno: Toleo Jipya. Kana kwamba wanajivunia.

Nimecheka peke yangu. Mimi ni mchanganya rangi katika duka la rangi. Mambo matatu hayo ni kazi ya mkono wa kushoto.

Jumatano, 5 Machi

Krimu ni rangi ngumu kuliko watu wanavyodhani. Mchanganyiko wa kwanza ulitoka rangi ya ukuta wa hospitali. Wa pili, siagi. Mteja aliyekuja kutafuta rangi ya dari alingoja mpaka akaketi juu ya ndoo. Bosi akaja kuuliza nachanganya nini kwa muda wote huo. Nikasema ni sampuli ya mteja mkubwa. Akauliza mteja huyo anataka ndoo ngapi. Nikasema kwa sasa, kijiko kimoja.

Bosi ameondoka akitikisa kichwa. Lakini krimu imekaa! Nimeipulizia nyembamba, nikaiweka kando ya fremu za mzee, hata mimi nikasita kidogo ipi ni ipi. Kazi hii nikiifanya mahali pengine ningepewa cheti.

Alhamisi, 6 Machi

Nimenyoa ndevu zote kwa wembe. Yale maneno ndani ya paa nimeyakwangua, nikapiga msasa, nikarudishia krimu. Nimerudisha kila kitu ndani ya boksi wakati mke wangu akioga.

Jioni Shemeji amepita kumsalimia dada yake. Ni wazi alikuja kupeleleza. Akaomba alione boksi la baba kidogo. Nikamwambia sheria za kikundi haziruhusu mtu kuona kabla ya siku. Hakuna sheria hiyo, lakini yeye hasomi katiba. Akakubali upesi mno. Sikuupenda ule upesi wake.

Wakati wa kula mke wangu alikuwa na maneno mengi, jambo ambalo si kawaida yake. Alisema tangu juzi anamwota baba yake, amekaa mezani, miwani imeteremka puani, anatafuta kipande chenye namba moja. Akasema Jumamosi ndiyo siku atakayompumzisha. Moyo uliniuma. Nikajifanya nimetafuna pilipili.

Ilinipasa kusema kweli pale pale. Nimelifikiria hilo kwa dhati, mpaka chakula kikapoa. Kisha nikafikiria kazi yote niliyoifanyia ile krimu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimegundua kasoro. Ahsante Mungu nimeigundua mimi na si Shemeji.

Kila mwenye magari haya anajua kwamba matairi ya zamani yana mafuta. Yakikaa ndani ya boksi yakiegemea plastiki, miaka ikipita, yanaila. Hasa kioo. Gari la zamani la kweli lazima liwe na kovu la mviringo kwenye kioo cha mbele. Kioo cha mzee hakina kitu. Kisafi, kinameremeta. Mtu akikiona atasema nimekibadilisha, na mimi kioo sikukigusa! Nitaonewa bure.

Kwa hiyo nimekitia kovu. Thina kidogo kwenye ukingo wa tairi jipya, nikaligandamiza kwenye kioo, nikangoja. Kovu limetoka zuri, nusu mwezi, lenye mawimbi. Halafu nimeyaweka matairi yote manne ya gari jipya ndani ya boksi la mzee ili kovu liwe na mwenye kosa. Nimeyapaka vumbi la chini ya ngazi.

Sasa gari la baba mkwe ni la zamani kuliko lilivyokuwa. Naweza kulala.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa chumbani. Sebule si yangu kwa sasa.

Tulianza vizuri. Mwenyekiti wetu ni fundi cherehani na huamini futi yake kuliko macho ya mtu. Alipima bodi zote mbili, urefu, upana, kimo, kama anataka kuzishonea suti. Zikalingana. Akapitisha kidole gumba kwenye mistari ya milango, akashusha pumzi. Akasema zamani watu walifanya kazi kwa moyo, tazameni mstari ulivyokwenda chini, hawa wa sasa wanakwaruza tu. Bodi hizo zimetoka kalibu moja, pengine wiki moja. Nikatikisa kichwa pamoja naye. Niliwasikitikia kweli watengenezaji wa siku hizi.

Shemeji akatoa kile kioo chake kidogo cha kukagulia magego. Akakagua la kwake, akakuta ndevu. Akakagua la mzee, hakuna hata unywele. Kisha wakaliona kovu. Kioo cha gari kikapita mkono kwa mkono. Mwenyekiti akasema hicho ndicho cheti cha kuzaliwa, na hakighushiki. Nilitazama chini kwa unyenyekevu.

Kura zikapigwa. Mikono yote juu, na wa Shemeji ukiwemo. Akasimama akasema ameshindwa kwa haki. Akasema hakuwahi kuamini kwamba baba yao alijua kuchagua kitu kizuri, na leo amejua, na amefurahi kushindwa na baba yake. Macho yalimlowa. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

Ndipo mke wangu akaingia na kopo lake la vifungo.

Alikuwa anatabasamu. Akatueleza kwamba siku ile ile mzee aliponunua gari, alitoa matairi kwenye boksi, akasema matairi ya namna hii yanakula plastiki, yasilale chumba kimoja na kioo. Akampa yeye. Akamteua msimamizi wa matairi. Ameyatunza tangu utotoni, amehama nayo nyumba kwa nyumba, na leo anayarudisha. Akainamisha kopo. Yakatoka kati ya vifungo, meusi, makavu, manne.

Akafungua boksi ayaweke. Mle ndani yalikuwemo manne mengine.

Mwenyekiti akayahesabu kwa sauti, maana ni mtu wa vipimo. Akafika manane. Nikasema yale ni ya akiba. Akasema ameishi miaka mingi na hajapata kuona gari lenye matairi manne ya akiba. Mke wangu hakuwa anatusikiliza. Alikichukua kioo akakiinua kuelekea dirishani. Akasema alipokuwa mdogo baba yake alimruhusu kuitazama taa kupitia hapo, na taa ilikuwa haikatiki katikati.

Kisha akaniuliza, polepole, la baba liko wapi. Angefoka ningejua la kufanya. Kufoka nina majibu yake. Nikaenda chini ya ngazi nikaleta kopo la rangi.

Aliiweka ile bodi iliyojikunja kiganjani akaitazama muda mrefu. Mwenyekiti akakunja futi yake. Umakamu wangu umedumu muda wa kikombe cha chai. Sasa ni wa Shemeji. Wageni waliaga kwa kunipa pole, kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa.

Jumapili, 9 Machi

Wameliunganisha leo. Si na bodi yangu ya krimu. Na ile ya mzee, iliyopinda.

Nilikuwa chumbani, mlango nimeuacha wazi kidogo. Mwanzoni hakukuwa na sauti ila ya kisu kwenye fremu. Kioo hakikuingia vizuri kwa sababu ya paa, Shemeji akakipunguza kwa mashine yake ya meno. Halafu nikamsikia akisema lile kovu linafanana na njia ya waipa, gari limepita kwenye mvua kubwa. Mke wangu akacheka. Kisha akalia. Kisha wote wawili wakacheka tena, wakamwiga mzee anavyotafuta namba moja.

Nimeumia. Nilitamani kuwa pale kuliko nilivyowahi kuutamani umakamu. Nimeandika hivyo na ni kweli.

Jioni mke wangu aliniita. Akanipa gurudumu moja nilishike mpaka gundi ishike. Akasema nisiguse kingine chochote. Nikashika. Nilishika vizuri, bila kutikisika, na Shemeji mwenyewe amekiri. Kabla ya kulala ameniambia amenisamehe, lakini nikumbuke kwamba gari lile lina matairi manne tu, na mimi si mmojawapo.

Jumatano, 12 Machi

Nyumba imetulia. Mke wangu anaongea nami kama kawaida, hata asubuhi kanisukumia sukari bila kuombwa.

Gari la mzee liko kwenye rafu ya sebuleni. Limeinama upande mmoja kama linakata kona kali. Kila anayeingia husimama kulitazama. Mke wangu akipita huligusa buti kwa kidole. Anasema analipenda hivyo hivyo, na ninamwamini.

Lakini mimi ndiye ninayekaa kiti kinachoielekea rafu. Kila nikiinua kijiko, naliona lile paa.

Siku hizi zote nimejichunguza, kwa ukweli wote. Majuto ni mjukuu, nami yangu nimeyapokea. Nimelielewa kosa langu. Watu watasema maji yalikuwa ya moto mno. Sivyo. Nilichapuza. Niliitumbukiza bodi na kuitoa kabla plastiki haijalainika sawasawa mpaka ndani, ndiyo maana ikajikunja. Ingekaa kidogo zaidi ingenyooka yenyewe. Haraka haraka haina baraka, wazee walisema, na mimi sikuwasikiliza.

Kesho mke wangu na Shemeji wanakwenda kumjulia hali shangazi yao. Watashinda huko mchana kutwa. Akirudi atalikuta paa limenyooka, kama siku mzee alipolinunua. Atafurahi sana.

Birika nimeshalijaza.