Ombi la Kuachiwa Mashua Yetu Ivuje

Kwa Katibu wa Usalama,
Chama cha Wenye Mashua Ndogo.

Mheshimiwa Katibu,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, mkavu na mwenye moyo laini. Mimi ni mke wa kinyozi mwenye ile mashua ya buluu iliyofungwa mwisho wa gati, ambayo kwenye mikutano huwa unaiita "ile balaa". Ni mke mpya. Mpya kiasi kwamba nikiandika "mume wangu" kalamu husimama kidogo, ikatabasamu, ndipo ikaendelea.

Juzi ulikuja kuikagua. Ulikanyaga sakafu, maji yakachuruzika pembeni mwa kiatu chako, ukamwambia mume wangu, "Kijana, hii si mashua. Hii ni sponji yenye tanga." Kisha ukafunga kitambaa chekundu mlingotini na kuamuru tusitoke tena mpaka Fundi Gundi azibe matundu yote na alikaushe lile povu gumu lililojazwa kati ya kuta zake mbili. Watu wote gatini walikusifu. Mimi nililia. Naomba kukueleza sababu, maana mume wangu ni mpole na hatakwambia.

1. Kuhusu kuvuja. Kwenye karatasi yako umeandika "kasoro". Mheshimiwa, mashua hii tulipewa na mjomba wa mume wangu siku ya harusi. Wageni wengine walileta masufuria. Masufuria hayavuji, nakubali, lakini sijawahi kushikana mikono na mtu ndani ya sufuria. Maji huingia taratibu pale usukani ulipofungwa kwa skrubu. Mimi nachota kwa kopo langu, yeye anachota kwa lake, makopo yanagongana. "Samahani, bibie," anasema. "Bila samahani, bwana," najibu, kama watu waliokutana leo. Wewe na mama nyumbani mnaombana samahani mara ngapi kwa alasiri moja? Sihitaji jibu.

2. Kuhusu povu lililolowa. Fundi Gundi alinieleza kwa sauti ya daktari kwamba kazi ya povu ni kuifanya mashua ielee hata ikijaa maji, na kwamba letu limekunywa maji yote upande wa kushoto, ndiyo maana mashua imeegemea kama mtu aliyesinzia. Ni kweli tupu. Na ndiyo maana lazima sote wawili tukae upande wa kulia. Tena kwa kubanana. Nikijisogeza kidogo tu, mashua inainama, basi sijisogezi. Shangazi zangu walinipa mawaidha ya ndoa tangu asubuhi hadi jua kuzama, na hakuna hata mmoja aliyetaja jambo zuri kama hilo. Kuhusu hatari, usihofu. Tunavaa maboya yetu na kuzunguka pale pale kwenye maji ya kiunoni. Siku tukizama, tutasimama.

3. Hapa ndipo penye kidonda. Tunaishi kwa wakwe zangu. Nawapenda, na wao wananipenda, na hilo la pili ndilo tatizo. Chumba chetu ni nusu ya sebule. Kati ya kitanda chetu na televisheni kuna pazia. Wifi huingia kutafuta pasi. Shemeji huingia kumtafuta wifi. Tukicheka, baba mkwe hukohoa. Tukinyamaza, hukohoa zaidi. Mama mkwe huuliza nje ya pazia, "Wanangu, mmelala?" Tukijibu "bado", hufurahi, akaja kukaa katikati yetu na kuanza kusimulia jinsi mume wangu alivyoota meno. Tangu tufunge ndoa, mahali pekee ambapo nimemwambia mume wangu sentensi nzima, mpaka mwisho wake, ni ndani ya ile mashua.

4. Na kwa nini humo tunaachwa peke yetu? Kwa sababu inavuja! Wifi alipanda mara moja tu, amevaa gauni jipya. Akaketi. Akasimama. Akajishika nyuma. "Kaka! Mashua yako imenikojolea!" Tangu hapo hutupungia mkono akiwa nchi kavu. Shemeji alichungulia tu, akasema, "Nyie wawili mna wazimu," nami nikalipokea neno hilo kama baraka. Ikirudi kavu, Mheshimiwa, itapandwa na ukoo mzima. Mama mkwe atakuja na mto wake. Baba mkwe atakuja na kikohozi chake. Mimi na mume wangu tutabaki gatini kushika kamba.

5. Kwa hiyo naomba kitambaa chekundu kifunguliwe na tupewe cheti cha kuvuja, chenye mhuri, cha kubandikwa mlingotini. Nikilifikiria zaidi, naona hata hiyo haitoshi. Chama kiwe na mashua maalumu za maharusi wapya, kila moja ikiwa imetobolewa na fundi anayetambulika. Waliokaa kwenye ndoa muda mrefu wapewe tundu dogo la kuwakumbusha. Wanaogombana wapewe mashua yenye povu lililolowa pande zote mbili na kopo moja la kugawana. Wenye mashua kavu wafike mbele ya kamati, waeleze wamekosana nini na wake zao.

Nimesema yangu yote, na moyo wangu sasa ni mwepesi kuliko povu jipya. Msalimie mama nyumbani, karani wa gati, wote mliofuatana siku ile na kutikisa vichwa, na hata Fundi Gundi, ambaye sina ugomvi naye ila kwa uhodari wake.

Ni mimi, mwenye heshima nyingi na miguu iliyolowa,
Mke wa Kinyozi.

Baada ya kusaini: Nilikuwa naikunja barua hii Fundi Gundi alipopiga hodi. Anasema povu halikaushwi kwa papara. Mashua itapinduliwa bandani kwake, itobolewe tumbo, iwekewe kipasha joto, na kila alasiri lazima mtu wa familia ya mwenye mashua akae humo bandani kumwaga maji yanayodondokea kwenye beseni na kuangalia joto lisizidi. Alikuja na kipande cha povu lenyewe ili familia ichague mlinzi. Wifi alikinusa, akakimbilia dirishani. Shemeji alikumbuka ana miadi. Mama mkwe alijiziba pua kwa kanga, akasema, "Uvundo huo ni wa wenyewe." Baba mkwe alikohoa, safari hii kwa haki. Mume wangu alinyoosha mkono juu kama mwanafunzi anayejua jibu.

Nimekwenda kuliona banda. Lina benchi moja, fupi. Mlango wake ni wa mbao, na komeo liko ndani.

Hivyo basi, naomba uyapuuze malalamiko yangu yote. Mashua ile ni hatari kubwa kwa umma na itengenezwe leo hii. Ila kwenye suala la kukausha, tumia mamlaka yako yote kumzuia Fundi asifanye haraka. Usalama kwanza.